Jembe Unapewa, Huji Nalo

Kila mwaka wanachama wachache wa klabu yetu huenda Afrika Mashariki kusoma na kujitolea. Mwaka huu tulikuwa watatu, na tulikaa Dar es Salaam wiki kumi. Asubuhi tulisoma Kiswahili Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alasiri tulikwenda Manzese, kwenye kituo kidogo cha masomo ya ziada. Kama wewe msomaji unafikiria kwenda mwakani, haya ndiyo tungependa uyajue kuhusu kuizoea kazi yenyewe.

Tuanze na kalenda. Sisi tunafunga chuo Mei, kwa hiyo wengi huomba nafasi za Juni. Tanzania mwaka wa shule huanza Januari, na Juni shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Ukienda wiki tatu za Juni ukitaka kufundisha shuleni, unaweza kukuta madarasa matupu. Julai wanafunzi wanarudi, na darasa la saba wanajiandaa kwa mtihani wa Septemba. Hapo mikono ya ziada inahitajika. Jambo jingine ni kibali. Viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi, hata isiyo na malipo. Waombe wenyeji wako waulize Uhamiaji mapema.

Baada ya karatasi inakuja lugha. Sisi watatu tumekulia Marekani, lakini Kiswahili chetu kimetoka nyumba tofauti: Mombasa, Unguja na Bukavu. Mwenzetu wa Bukavu alisema "batoto" na "iko", na wanafunzi wakacheka. Siku ya pili walimzunguka wakitaka kujua Kongo wanasemaje hiki na kile. Ukiwa dukani, "nipe maji" inaeleweka, lakini Dar watu husema "naomba maji", na sauti ya muuzaji hubadilika. Halafu kuna shikamoo. Nyumbani tumezoea kuitoa, si kuipokea. Ghafla una miaka ishirini na mtoto anakuambia, "Shikamoo mwalimu." Jibu ni marahaba, na ulijibu kwa sauti ya kusikika, kwa sababu anasubiri.

Sasa kazi. Mwalimu mkuu wa kituo hakutupa darasa. Alitupa dawati la nyuma, kalamu nyekundu na rundo la madaftari ya kusahihisha. Ilikuwa hivyo wiki nzima. Waswahili wana methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, kueleza kwamba hata mgeni hushiriki kazi. Sisi tuliona upande mwingine wa methali hiyo. Jembe linatolewa na mwenyeji. Yeye ndiye anayejua shamba linahitaji nini.

Pale nyuma tuliona mambo ambayo mbele tusingeyaona. Kuna watoto waliochelewa karibu kila siku, na mtu angeweza kudhani ni uvivu. Sababu ilikuwa daladala. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo makonda wengine huwaacha kituoni wakijaza abiria wa nauli kamili. Tuliona pia kwa nini kituo kinajaa. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wengi zaidi wameandikishwa, na baadhi ya shule za msingi jijini huingia kwa zamu mbili. Mwenye zamu ya asubuhi anakuwa na mchana mrefu na maswali ambayo hakupata nafasi ya kuyauliza.

Kubwa kuliko yote lilikuwa lugha ya kufundishia. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili kwa miaka saba. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Msichana mmoja aliweza kutueleza usanisinuru vizuri kabisa: jani, mwanga, maji, hewa. Lakini kitabu chake kipya kiliita kila kitu kwa jina jingine, na daftari lake lilijaa alama za kukosa. Alikuwa anajua somo. Alichokosa ni maneno.

Na hapo ndipo jembe letu lilipopatikana. Sisi tulikuwa na tatizo lile lile kwa upande wa pili. Tunajua sayansi kwa Kiingereza, lakini nyumbani hakuna aliyetufundisha kusema usanisinuru, kipeuo cha pili wala kizio. Mwalimu akatukalisha pamoja. Mwanafunzi anaeleza jambo kwa Kiswahili, sisi tunampa maneno ya Kiingereza, kisha analieleza tena mwenyewe. Kila neno likaandikwa kwenye karatasi ya manila ukutani, safu mbili. Hadi tunaondoka ukuta mmoja ulikuwa umejaa, kwa mwandiko wa wanafunzi.

Safu hizo ndizo zilizotufanya tuwe na faida, na Kiswahili cha nyumbani, pamoja na mapengo yake, ndicho kilichotuwezesha. Mgeni asiyejua Kiswahili angemsikia yule msichana akinyamaza kwa Kiingereza na kudhani hajui kitu.

Kuna jambo gumu la mwisho. Watoto huzoea watu. Wiki ya nane walianza kuuliza, "Mtarudi lini?" Mwalimu alikuwa ametuonya: msiahidi msichoweza. Wamekwisha kuona wageni wengi wakipiga nao picha na kuahidi. Tukawaambia kweli, kwamba hatujui. Wengine walinuna, na walikuwa na haki. Lakini vipindi vya safu mbili viliendelea, kwa sababu tangu mwanzo viliongozwa na mwalimu, nasi tulikuwa wasaidizi wake. Sasa wanafunzi wa kidato cha tatu wanawasaidia wa kidato cha kwanza.

Basi kabla hujakata tiketi, waandikie wenyeji wako na uwaulize: nikiondoka, nani ataendelea na kazi hii? Wakikutajia mtu, uliza unaweza kumsaidia vipi. Kama hakuna mtu, ombeni kazi nyingine, hata kama ni ya kusahihisha madaftari.