Pancha Isimkoseshe Mtoto Mtihani

Huku kwetu pwani, tangu Kilifi hadi Malindi, baiskeli si chombo cha mchezo. Alfajiri hubeba mikate, adhuhuri mitungi ya maji, na jioni madumu ya mnazi. Kwa watoto wengi wa upande wa nyika, kule Ganze, Bamba na Vitengeni, ndiyo pia njia ya kufika shuleni. Hivyo nashangaa, msomaji, kwamba tunamfundisha mtoto kukokotoa mzingo wa duara kwa desimali mbili, na bado hawezi kuziba tundu dogo katika gurudumu linalompeleka darasani kila siku.

Sisemi haya kwa dhihaka. Nilikuwapo katika shule moja ya eneo hili msichana wa kidato cha pili alipowasili langoni saa nne, jasho likimtiririka, akiikokota baiskeli. Mtihani wa Hisabati ulioanza saa mbili ulikuwa tayari unakusanywa. Mwalimu wa zamu alimwandika katika daftari la wachelewaji, na alama yake ikawa sufuri. Mwiba ulikuwa ungali tairini. Kuung'oa na kuziba tundu lake kulituchukua dakika ishirini, yeye na mimi, chini ya mwembe.

Zamani huenda angalimkuta fundi njiani. Biashara ya bodaboda ilianza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, ikaenea hadi kwetu, na aghalabu palipokuwa na kituo palikuwa na fundi mwenye pampu na beseni la maji. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa pikipiki ndogo. Abiria wakahama, na mafundi wengi nao wakahama. Mjini Malindi bado wapo, lakini ukishaipita Kakoneni utatembea sana kabla ya kumpata mmoja.

Miiba, kwa upande wake, haikupungua. Mbali na migunga yetu ya asili na vijiwe vya matumbawe vyenye ncha, tunao mti wa mathenge. Huo uliletwa mwaka 1973 kuotesha kijani katika machimbo ya Bamburi, karibu na Mombasa, kisha ukapandwa Hola na Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwiba wake hupenya soli ya kiatu, sembuse tairi. Anayeendesha baiskeli kuelekea Garsen hahitaji kuelezwa.

Kazi yenyewe naieleza kama nilivyofunzwa na mzee mmoja, fundi aliyekuwa akikaa chini ya mkorosho karibu na Gede. Pindua baiskeli magurudumu yawe juu. Banua tairi kwa mipini ya vijiko viwili. Usitumie bisibisi, kwani ncha yake huuma tyubu na kukuongezea tundu la pili. Toa tyubu, ijaze upepo, uipitishe kidogo kidogo katika beseni la maji. Mapovu yatakuonyesha mahali. Ikaushe, tia alama kwa kalamu, kisha kwaruza kwa msasa, au kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, mpaka ule weusi wa kung'aa upotee. Kata kiraka katika tyubu kuukuu, kiwe duara, maana pembe ndizo huanza kubanduka. Kikwaruze nacho.

Hapa ndipo wengi huharibu. Hupaka solusheni na papo hapo kubandika kiraka, gundi ingali majimaji.

"Mwalimu," mzee aliniambia, "subiri. Gundi mbichi huteleza, haishiki."

"Mzee, nitajuaje kuwa iko tayari?"

"Iguse ukingoni kwa mgongo wa kidole. Ikikuachilia bila kuvuta uzi, bandika."

Mzee huyo hakupata kusoma kemia, lakini kemia yake ilikuwa sahihi. Kiyeyushi kilichomo katika gundi sharti kitoke kwanza hewani. Kikifungiwa chini ya kiraka hufanya malengelenge, na joto la barabarani humalizia kazi kabla hujafika nyumbani. Dakika tano zatosha. Ukisha kubandika, bonyeza kutoka katikati kwenda pembeni, kisha gonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Na kabla ya kurudisha tyubu, papasa tairi kwa ndani ukitumia kitambaa, si kidole kitupu. Asiyeutafuta mwiba ataziba tundu lile lile kesho.

Tairi lililochakaa lina dawa yake. Likiliwa hadi nyuzi zikaonekana, hutiwa ndani kipande cha tairi kuukuu kilichopunguzwa kingo ili kisiikwaruze tyubu. Likipasuka ubavuni, hushonwa kwa shazia na uzi wa mshipi wa kuvulia, ambao kwetu haukosekani, kisha mafundo yakafunikwa kwa kipande cha mpira. Hiyo ni tiba ya kufikia mwisho wa muhula tu. Tairi ambalo waya wa ukingoni umekatika halishoneki. Litupwe, hata likiwa na sura njema.

Wapo vijana wanaoona haya kupanda tairi lenye mshono. Wangejua! Matairi ya mashindano ambayo waendeshaji wa Ulaya wameyatumia kwa miongo mingi yalishonwa tangu kiwandani: tyubu hufungiwa ndani, tairi likazungushiwa mshono, na lote likagandishwa juu ya rimu kwa gundi. Likipata pancha, mwenyewe hubandua utepe wa chini, akafumua mishono michache penye tundu, akaziba, akashona upya kwa kufuata matundu yale yale, akagandisha tena. Katika Tour de France ya zamani waendeshaji walivaa matairi ya akiba mabegani kama mikanda, na kanuni ziliwataka wajitengenezee kila kitu. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa mbele mlimani Tourmalet. Alitembea zaidi ya kilomita 10 hadi kwa mhunzi, akauunga kwa mikono yake mwenyewe, na bado akaadhibiwa kwa sababu kijana mmoja alimvutia mvukuto. Mimi naiona adhabu hiyo kuwa ya kikatili, lakini wanafunzi huipenda sana hadithi yake.

Turudi shuleni. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliahidi kuwapa watoto kazi za mikono. Ahadi hiyo ikamezwa na mitihani. Mtaala wa Umilisi uliozinduliwa mwaka 2017 umeahidi tena. Siombi karakana. Naomba pampu moja, beseni, tini ya solusheni, msasa na tyubu kuukuu chache. Mwalimu wa Sayansi atapata humo somo la mgandamizo wa hewa, na wa Kiswahili atapata insha ya maelekezo ambayo mwanafunzi anaiandika akiwa na jambo la kusema.

Baadhi ya wazazi wameniambia kuwa hiyo ni kazi ya wavulana. Nimewajibu kwamba binti ndiye tunayemwogopea zaidi anapobaki peke yake njiani wakati wa magharibi, gurudumu limeisha upepo na nyumbani bado mbali. Yeye ndiye aanze kufundishwa.

Walimu wakuu nao watasema solusheni hushika moto upesi, na kwamba wapo watoto wanaoinusa kwa makusudi. Ni kweli, na sababu hiyo si ndogo. Tini ikae kabatini pamoja na chaki, ufunguo ushikwe na mwalimu, na kazi ifanyiwe nje penye upepo.