Kuunda kijindege cha F-5: Vipande vya ziada havichukui nafasi ya rula

MTU anayeketi mezani Kericho au Bomet kuunda mfano mdogo wa ndege ya kivita ya Kenya hukabiliwa na swali moja kabla hata hajafungua gundi: je, aagize vipande vya ziada kutoka ng'ambo, au avitengeneze kwa mikono yake?

Swali hilo si dogo. Seti ya plastiki huwa na vipande vyote vya msingi, lakini vile vya ziada, vikijumlishwa pamoja na gharama ya posta na ushuru wa forodha, huweza kupita bei ya seti yenyewe. Anayenunua bila kujua sababu hupoteza fedha, na aghalabu huharibu kazi.

Chukua mfano wa F-5E, ndege iliyoundwa na kampuni ya Northrop ya Marekani na kuanza kuwasili nchini mwaka wa 1978. Jeshi la Wanahewa lililozipokea lilivunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na likarejeshewa jina lake mwaka wa 1994. Mnamo Oktoba 2011, F-5 zilitumika katika operesheni ya Linda Nchi nchini Somalia. Anayeiunda basi hushika mkononi kipande cha historia ya taifa.

Ndege halisi ina urefu wa mita 14.45 na upana wa mita 8.13 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Katika kipimo cha 1:72, yaani sentimita moja ya mfano ikiwakilisha sentimita 72 za ndege, urefu huwa sentimita 20 na upana sentimita 11.3. Rubani wa mita 1.8 huwa na kimo cha sentimita 2.5 pekee.

Hapo ndipo tatizo linapozuka. Plastiki huyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu za chuma, na haiwezi kuwa nyembamba kupita kiasi. Ukingo wa kiti wenye unene wa milimita moja ungekuwa na unene wa sentimita 7.2 katika ndege halisi. Hakuna rubani anayekaliswa katika kiti kama hicho.

Kampuni kama Eduard na Aires za Jamhuri ya Czech zimejipatia jina kwa kutengeneza vipande vya kurekebisha kasoro hiyo. Vipo vya aina tatu kuu. Aina ya kwanza ni vibati vyembamba vya shaba ya manjano, ambavyo maumbo yake huchongwa kwa asidi. Ya pili ni vipande vya resini, inayomiminwa ikiwa majimaji katika kalibu za mpira laini, hivyo kunasa hata mikunjo ya mto wa kiti. Ya tatu ni nembo zilizochapishwa kwenye karatasi maalumu, ambazo hulowekwa majini kisha kuhamishiwa juu ya rangi.

Hata hivyo, kila aina ina masharti yake. Gundi ya plastiki huunganisha kwa kuyeyusha plastiki yenyewe, kwa hivyo haishiki shaba wala resini. Hapo huhitajika supaglu. Aidha, vumbi la resini ni hatari kwa mapafu. Msasa wake hutiwa maji, na mpigaji msasa huvaa barakoa.

Mtego mkubwa zaidi ni kununua kipande kisichofaa. F-5E ina kiti kimoja na mizinga miwili puani, ilhali F-5F, ambayo pia Kenya iliinunua, ina viti viwili, mzinga mmoja na kiwiliwili kirefu zaidi. Hata ndege ikiwa ni ile ile, chumba cha rubani kilichotengenezewa seti ya kampuni moja huenda kisiingie katika seti ya kampuni nyingine. Mwenye busara hupima, hujaribu bila gundi, hupunguza kuta za plastiki kidogo kidogo, kisha hupima tena.

Kuna vitu visivyohitaji kuagizwa. Ukanda wa kiti wenye upana wa sentimita 4.5 huwa milimita 0.6 katika kipimo hicho, nao huweza kukatwa kwa wembe kutoka karatasi ya aluminiamu ya jikoni. Wazee wa Kericho watakumbuka karatasi ya aina hiyo ndani ya masanduku ya mbao yaliyosafirishia chai zamani. Mrija mwembamba wa kupimia mwendo ulio kwenye ncha ya pua hutokana na sindano ya kushonea. Fedha chache zilizopo na zitumiwe kwa kisichotengenezeka nyumbani. Nembo za Kenya ni mfano mzuri, kwa kuwa printa za kawaida hazichapishi rangi nyeupe, na bendera yetu ina mistari myeupe.

Hali ya hewa nayo ina neno. Rangi fulani zinazokauka haraka hugeuka ukungu mweupe zikipulizwa penye unyevu mwingi. Maadamu mvua ya Kericho hupenda kunyesha alasiri, kazi ya rangi ni ya asubuhi.

Ikumbukwe kwamba ustadi huu ulikuwepo kabla ya vipande vya ziada. Mwaka wa 1942, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wachonge vijindege 500,000 vya mbao, ili wanajeshi wajifunze kutambua ndege za rafiki na za adui. Walitumia michoro, tupa na rula.

Njia hiyo ingali wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ndege ndogo zilirushwa juu ya mashamba ya chai ya Kericho na Nandi kutia kemikali mawinguni ili kupunguza mvua ya mawe. Atakayetaka kuihifadhi kumbukumbu hiyo atahitaji kipande cha mbao ya mvinje, picha nzuri na jicho linalopima.