MBWA MZEE SI MBWA MVIVU

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Leo sitazungumzia bei ya korosho wala ubovu wa barabara, ingawa najua wapo wanaosubiri niyaseme hayo. Leo nataka tuzungumze habari za mbwa. Tena si mbwa yeyote, bali mbwa mzee, yule aliyekwisha kulinda nyumba na shamba kwa miaka mingi na ambaye sasa miguu yake haimtii.

Najua wako watakaocheka. Watasema, binadamu wenyewe wanahangaika na dawa, huyu anatuletea habari za mbwa! Naomba mnivumilie. Mwenye shamba la mihogo Maneromango, Mzenga au Masaki ya Kisarawe anajua kwamba nguruwe pori wakiingia usiku mmoja tu, asubuhi hukuti kitu. Vivyo hivyo mfugaji wa kuku wa Kibaha, kuanzia Maili Moja mpaka Visiga, anajua ni nani anayemlindia usingizi wake. Sasa, mlinzi huyo akizeeka tunamlipa nini? Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Katika habari hii ya mbwa, mimi naona wapigaji mateke ni sisi wenyewe.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa na mbwa wa kienyeji, jina lake Tomi, aliyekuwa akilinda shamba langu huko Kisarawe tangu akiwa mdogo. Alipofikisha miaka 10, kijana anayeniangalizia shamba aliniletea malalamiko. "Shikamoo mzee. Mbwa wako siku hizi amekuwa mvivu. Nguruwe wanaingia, yeye amelala tu. Afadhali tutafute mwingine, huyu tumwache aende zake porini."

Nikaenda kujionea mwenyewe. Nililala shambani, na alfajiri nikamtazama Tomi akiamka. Alitanguliza miguu ya mbele, akasimama kidogo, ndipo akaanza kuinua ya nyuma ikitetemeka. Hatua za kwanza alitembea kama anayekanyaga miiba. Baada ya muda akalainika, akatembea vizuri kiasi. Kifundo cha mguu mmoja wa mbele alikuwa amekilamba mpaka manyoya yamekwisha. Mfereji aliokuwa akiuruka kila siku aliuzunguka. Nilipomshika nyonga aligeuka akaningurumia, na hilo hakuwahi kunifanyia tangu azaliwe.

Ndugu msikilizaji, mwendo ule niliutambua mara moja, maana ndio mwendo wangu. Mimi nina goti linalonisumbua, na kila asubuhi najinyoosha vile vile kabla sijafika mlangoni. Tomi hakuwa mvivu. Tomi alikuwa na baridi yabisi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sitalisahau. Kwa kuwa maradhi yetu yalikuwa mamoja, nikaona na dawa iwe moja. Nikachukua vidonge vyangu vya diklofenaki, nikamfichia kidonge ndani ya nyama, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne alikataa kula, akatapika, na choo chake kikawa cheusi kama lami. Nikampakia garini, tukapita njia ya Mzenga na Mlandizi hadi Kibaha, kwa daktari wa mifugo. Alipokwisha kumpima aliniambia, "Mzee wangu, ungekawia siku mbili nyingine, tungekuwa tunazungumzia kuchimba shimo."

Kwa hiyo, hayo niliyoelezwa siku ile, na niliyojifunza baadaye, ndiyo ninayotaka kukugawia leo.

Kwanza, tuuelewe ugonjwa wenyewe. Pale mifupa miwili inapokutana, ncha zake zimefunikwa na gegedu, kitu laini na chenye utelezi. Katikati mna ute unaolainisha, mfano wa grisi katika beringi. Kwa umri, kwa uzito mkubwa, kwa ajali ya zamani, au kwa kuzaliwa na nyonga isiyokaa sawa, gegedu hulika. Kiungo huvimba, huuma na kukakamaa, na mfupa huota vinundu pembeni. Gegedu lililokwisha kulika halirudi kuwa jipya. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya kuponya kabisa anakudanganya. Lakini kusema ugonjwa hauponi si kusema hauna msaada. Maumivu yanaweza kupunguzwa sana, na mnyama akaishi miaka yake iliyobaki kwa raha.

Tatizo ni kwamba mbwa halalamiki kama sisi. Wengi hudhani mbwa mwenye maumivu lazima alie. La hasha! Maumivu ya pole pole huyanyamazia. Utayajua kwa mambo madogo: anachelewa kuinuka, anabaki nyuma njiani, hapandi tena kibarazani, analamba kiungo kimoja, anakuwa mkali kwa watoto aliokuwa akicheza nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana inatupasa kutazama kwa makini kabla ya kumwita mnyama mvivu.

Hata hivyo, si kila kuchechemea ni uzee. Huku kwetu Pwani kupe ni wengi, na homa zinazoletwa na kupe huweza kuvimbisha viungo hata vya mbwa kijana. Mbwa wa namna hiyo huwa na homa, hukosa hamu ya kula, na fizi zake hupauka. Huyo anahitaji tiba ya homa, si ya baridi yabisi. Pengine ni mwiba, pengine ni mfupa uliovunjika. Na jambo la hatari kuliko yote: mbwa akibadilika ghafla katika siku chache, akatokwa na mate mengi, taya likalegea, sauti ikageuka na miguu ikakosa nguvu, usimtie mkono mdomoni kumtafutia mfupa uliokwama. Huenda ni kichaa cha mbwa. Kaa mbali naye na utoe taarifa kwa bwana mifugo. Aliyekwisha kuumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka isisahauliwe hata kama mbwa ni mzee.

Pili, habari za dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo sisi tunazinunua kama karanga, ni hatari kwa mbwa. Dawa hizi hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Mwili wa mbwa haumudu dawa hizo kama mwili wetu unavyomudu, na kipimo kinachomtuliza mtu huweza kumtoboa mbwa tumbo au kuziua figo zake. Parasetamoli nayo huharibu ini la mbwa ikizidi, na kwa paka kidonge kimoja tu chatosha kuua.

Ziko dawa za jamii hiyo zilizopimwa kwa ajili ya mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni. Hizo hutolewa na daktari wa mifugo kwa hesabu ya kilo za mnyama, baada ya kula, na ni vizuri figo na ini vichunguzwe kwanza. Usizichanganye mbili kwa pamoja, wala usimchome mbwa deksamethazoni huku anatumia mojawapo, maana vidonda vya tumbo havitakawia. Ukiona ametapika au choo kimekuwa cheusi, acha dawa mara moja na umwone daktari. Ofisi za mifugo zipo katika halmashauri zetu za Kibaha na Kisarawe, na kwa matatizo makubwa ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro.

Tatu, na hapa ndipo penye nafuu kubwa isiyo na gharama, ni uzito. Huko Marekani walichukua mbwa 48 wa aina ya Labrador, wakawalea kwa jozi tangu wadogo. Mmoja katika kila jozi alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba wale waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na baridi yabisi iliwapata wakiwa wamechelewa sana. Sasa tazama mbwa wengi wa mjini Kibaha: mabaki ya ugali asubuhi, vichwa na miguu ya kuku mchana, na kufungwa mnyororo kutwa. Papasa mbavu za mbwa wako. Ukizihisi kwa urahisi bila kubonyeza, yuko sawa. Ukizitafuta kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya godoro, mpunguzie chakula pole pole. Lakini mbwa wa shamba aliyekonda asipunguziwe kitu. Huyo aongezewe, hasa nyama na samaki, kwani misuli ndiyo inayobeba viungo vibovu.

Nne, mwendo. Kiungo kibovu kisipotumika hukakamaa zaidi, na kikitumiwa kupita kiasi huvimba. Kwa hiyo matembezi yawe mafupi na ya kila siku, asubuhi na jioni, badala ya kumfungia wiki nzima kisha kumkimbiza Jumapili. Mnyororo mfupi ni adui wa viungo.

Tano, malazi. Sakafu ya saruji, hasa miezi ya Juni na Julai na wakati wa masika, humwongezea ukakamavu. Mimi nilishona magunia mawili nikayajaza sufi, nikayaweka juu ya mbao mahali pasipovuja. Sakafu yenye utelezi nikaitandikia mkeka wa zamani. Bakuli la maji nikaliinua juu ya tofali mbili ili asiinamishe shingo, kucha zake ndefu zikakatwa, na kwenye ngazi nikamwekea ubao wa kupandia. Kila asubuhi nilimkanda nyonga kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, nikimaliza nageukia goti langu. Wajukuu walicheka sana, lakini walizoea.

Tomi hakurudi tena kukimbiza nguruwe. Kazi hiyo walipewa mbwa wawili vijana, naye nikahamia naye nyumbani Kibaha, akawa mlinzi wa barazani. Aliishi miaka miwili na miezi minne baada ya siku ile ya choo cheusi. Aliniamkia kila asubuhi mlangoni, mkia ukitikisika kabla miguu haijawa tayari.

Mwisho kabisa, ndugu msikilizaji, liko swali ambalo kila mwenye mbwa mzee hulifikia: nitajuaje kwamba sasa yatosha? Mwaka 2004 daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo chenye mambo saba: maumivu, kula, kunywa maji, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema zinazidi siku mbaya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35, mnyama bado ana maisha yanayofaa. Mimi nilitumia daftari la shule. Siku njema nilitia alama ya msalaba, siku mbaya nikatia duara. Kwa muda mrefu kurasa zilijaa misalaba. Kisha katika mwezi mmoja nikahesabu maduara 19. Alikuwa akijichafulia pale pale alipolala, akinitazama kama anayeomba radhi. Nilimwita daktari, akampa sindano ya kumpumzisha, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Hakuwekewa sumu, hakupigwa rungu, wala hakutupwa porini.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama pasipo sababu. Na sisi wa Pwani, ambao wengi wetu tumefunzwa kukaa mbali na mate ya mbwa, tumefunzwa pia kwamba mbwa wa kulinda shamba na mifugo ameruhusiwa, na tumesimuliwa tangu utotoni habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Huruma kwa mnyama huyu si mambo ya Kizungu. Ilikuwepo kwetu kitambo.

Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujamfokea mbwa wako kwa kulala, mwite, kisha mtazame anavyoinuka. Hiyo ndiyo kazi niliyokupa kwa wiki hii. Kwa leo naishia hapa.