Pete ya Kijani, Pete ya Mwasho

Je, wajua kwamba pete inayokuachia alama ya kijani kidoleni huenda ina nafuu kuliko ile inayometa kama fedha?

Kando ya barabara ya Namanga, kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, wachuuzi huuza pete za kila rangi. Zile za manjano iliyokolea mara nyingi ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na zinki. Zikikutana na jasho, shaba hutoa chumvi za kijani zinazoshika ngozini. Nawa kwa sabuni, yamekwisha. Wamaasai wameizoea shaba hiyo tangu zamani: misafara ya Waswahili iliyotoka Mombasa na Pangani karne ya 19 haikuingia Umaasaini bila shanga, seng'enge na masango, ule waya mnene wa shaba ambao wanawake waliuzungusha mikononi na miguuni.

Mashaka yako kwenye pete nyeupe, na "dhahabu" ya bei ya kutupa. Ndani mna zinki au shaba. Juu yake hupakwa nikeli ili ing'ae. Dhahabu huja mwisho, utando ambao mara nyingi haufiki maikroni moja, ilhali unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Fua nguo nayo, kanda unga nayo miezi michache, dhahabu inatoka na nikeli inagusana na ngozi.

Chumvi ya jasho huimumunya nikeli hiyo kidogokidogo, ikapenya ngozini. Mwanzoni huoni lolote, kinga ya mwili inaisoma tu. Ikishaijua kuwa adui, kwa kawaida haisahau maisha yote. Ukiivaa tena, baada ya siku moja au mbili kidole kinawasha, kinavimba, kinatoka malengelenge. Kule kuchelewa ndiko kunakowapoteza wengi. Lawama zote huangukia sabuni. (Nayo sabuni si malaika: ikinasa chini ya pete, huwasha bila mzio wowote.) Kuhusu kinga yenyewe, mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba nikeli hushika moja kwa moja kipokezi cha kinga cha binadamu kiitwacho TLR4. Cha panya haikishiki.

Ajabu ni kwamba chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316L kina nikeli ya asilimia 10 hadi 14, na bado wengi wenye mzio hukivaa salama, kwa sababu utando wa kromiamu huifungia nikeli ndani. Kinachodhuru ni nikeli inayotoka. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1994 ilipima utokaji: kwa vitu vinavyokaa mwilini, usizidi maikrogramu 0.5 kwa kila sentimita mraba kwa wiki.

Usitegemee sumaku kukuamulia. Aloi nyingi za nikeli hazivutwi nayo. Na ukimpeleka binti kutogwa masikio, hereni za kwanza ziwe za titani. Tundu bichi la sikio ni mojawapo ya njia kuu ambazo mzio huu huanzia.