Soko la tochi Lamu: soma kandela kabla ya lumeni

Mwaka 2014 uliigusa biashara ya tochi nchini Kenya kwa matukio mawili yasiyohusiana. Kule Nakuru, kampuni ya Eveready East Africa ilifunga kiwanda chake kilichotengeneza betri tangu 1967, yale mawe makubwa ya tochi yenye chapa ya paka yaliyokuwa hayakosi katika duka lolote la kijijini. Bidhaa za bei nafuu kutoka nje zilikuwa zimelibana soko lake. Huku Lamu, mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani katikati ya Juni yaliua watu zaidi ya 60, na Julai serikali ikatangaza kafyu ya kuanzia magharibi hadi asubuhi. Wavuvi wakakatazwa kutoka usiku. Kwa miezi kadhaa, mtu aliyekuwa na ruhusa ya kutembea gizani katika kaunti hii alikuwa hasa mwenye sare.

Kafyu ile iliondolewa, ingawa nyingine zimewahi kurudi katika baadhi ya maeneo, lakini kazi ya ulinzi wa usiku haikupungua. Operesheni ya usalama katika msitu wa Boni iliyoanza 2015 ilileta vikosi vingi. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kiliundwa 2018. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli za kwanza Mei 2021, nayo inahitaji walinzi wake. Ongeza polisi wa vituo vya Amu, Faza, Kiunga na Witu, polisi wa akiba vijijini, askari wa wanyamapori, walinzi wa hoteli za Shela na vikundi vya usimamizi wa fuo. Wote hao wanashika tochi kila siku jua likizama. Ni wateja wa kudumu, na soko la hapa halijawahudumia ipasavyo.

Ukipita Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Amu, tochi hazikosekani. Zipo za plastiki za kuchaji kwa umeme au sola, za kufunga kichwani, na zile za alumini ambazo kichwa chake huvutwa mbele kuukusanya mwanga. Karibu zote zimetengenezwa China, zikashushwa Mombasa, zikauzwa kwa jumla huko au kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue, Nairobi, kisha zikapakiwa basi hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti. Lami ya kilomita 135 kati ya Garsen, Witu na Lamu imeifupisha safari, lakini mwenye duka bado anamlipa mchukuzi wa jetini, mwenye boti na mwenye punda. Kwa hiyo anabeba kitu chepesi kinachotoka haraka, yaani tochi ya shilingi mia chache. Ile ya maelfu ingekaa rafuni miezi, na fedha zake zimelala. Simlaumu. Afisa anayetaka tochi ya kazi huagiza Nairobi au mtandaoni, na faida inabaki huko.

Tatizo la tochi rahisi linaanzia kwenye boksi. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi, kwa pande zote. Boksi linaweza kuandikwa lumeni laki moja na mwenye duka asiwe na namna ya kuthibitisha. Tangu 2009 kuna kiwango cha Marekani kiitwacho FL 1 kinachoeleza jinsi ya kupima tochi: lumeni, nguvu ya mwanga katikati ya mwali kwa kandela, umbali, muda wa kuwaka, kustahimili kuanguka na kustahimili maji. Kampuni makini, ziwe za Marekani kama Streamlight na SureFire au za China kama Fenix na Olight, huchapisha vipimo hivyo. Boksi lisilovitaja halimpi mnunuzi chochote cha kushika.

Kwa kazi ya doria, kandela ndiyo inayoamua jicho litafika wapi. Hesabu yake haina ugumu: chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, utapata umbali kwa mita. Kandela 10,000 zinafika mita 200. Ukitaka mita 400 unahitaji 40,000, mara nne ya zile za kwanza. Tena umbali huo unapimwa pale ambapo mwanga umebaki kama wa mbalamwezi tu. Utaona kuwa kuna mtu amesimama, lakini hutajua ni nani wala ameshika nini. Kwa kumtambua mtu, mimi ningehesabu theluthi ya umbali ulioandikwa, basi.

Lakini mwali mkali haufai kila mahali, na hapo Lamu ina masharti yake. Katika vichochoro vya mitaa ya Mkomani na Langoni mjini Amu, ambako watu wawili wakikutana na punda inabidi mmoja ajibanze ukutani, kuta zilizopakwa chokaa zinarudisha mwanga usoni. Afisa anayewasha lumeni 1,000 pale anajipofusha mwenyewe, na macho yake yatahitaji dakika 20 au zaidi kulizoea giza tena. Anachohitaji ni mwanga mpana wa lumeni 50 hadi 100, na uwezo wa kuruka hadi ule mkali kwa kubonyeza mara moja. Baharini ni kinyume. Boti ikipita mlangobahari wa Mkanda kuelekea Pate, kati ya mikoko ya pande mbili na maji yakiwa yameanza kupwa, anayeangalia mbele anahitaji mwali mwembamba wa kufika mbali, naye nahodha nyuma yake asipigwe na mng'ao. Kwenye njia za Boni, huko Basuba au Mangai, tochi inayowaka bila kukoma humwonyesha aliyeishika kabla ya kumwonyesha anayetafutwa. Huko swichi ni muhimu kuliko lumeni: iwe nyuma ya tochi, iwake inapobonyezwa na izime kidole kikiondoka, na mtu aweze kuitumia kwa mkono mmoja bila kuitazama.

Ndiyo maana sipendi tochi zinazompitisha mtu kwenye mwanga mkali, wa kati, hafifu, wa kumemeta na wa kuomba msaada kabla hazijazimika. Mtu aliyeshtuka hawezi kuhesabu mibonyezo. Hali mbili au tatu za mwanga zinatosha. Mwanga mwekundu, hata hivyo, ni nyongeza ya maana hapa. Unayaacha macho na uzoefu wake wa giza, na katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa 1979, kasa wanaopanda ufuoni kutaga hawasumbuliwi nao kama wanavyosumbuliwa na mwanga mweupe. Askari wa doria anayepita fuo hizo kila usiku anawapunguzia kasa usumbufu huo kwa kubonyeza tu.

Sasa betri, ambako fedha nyingi hupotea. Tochi nyingi za leo zinatumia betri ya lithiamu iitwayo 18650: upana milimita 18, urefu milimita 65. Betri bora za ukubwa huo zinafikia miliampea-saa 3,500 hivi. Ukiona imeandikwa 9,800, maandishi hayo ni ya uongo, kwa kuwa umbo lile haliwezi kubeba kiasi hicho. Itoe na uipime kwenye mizani ya duka. Halali ina gramu 45 hadi 48 hivi, na ikiwa nyepesi mno ujue ndani kuna betri ndogo iliyovishwa ganda kubwa. Nyingine ni chakavu, ambazo baadhi ya mafundi wa simu huziokota kwenye betri za kompyuta za mkononi zilizokufa na kuziuza kama mpya. Kwa mvuvi anayerudi nyumbani ni hasara ndogo. Kwa polisi aliye peke yake kwenye jeti saa nane za usiku ni jambo jingine kabisa.

Muda wa kuwaka nao unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwa kiwango cha FL 1, saa zinahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo, hivyo tochi ya saa tano huenda ikang'aa kwa nguvu kwa muda mfupi tu kisha ikajikokota. Usiku wetu ni wa saa 12 mwaka mzima. Nunua tochi ambayo betri yake inatoka, ukabeba ya pili. Na ichajiwe kwa waya wa Type-C, uleule wa simu, maana chaja ya kipekee ikipotea Kizingitini hupati nyingine ya kufanana nayo.

Halafu kuna chumvi. Alama ya IPX7 ina maana tochi ilizamishwa mita moja kwa nusu saa ikabaki salama, lakini jaribio hilo ni la maji baridi na halisemi lolote kuhusu miezi ya hewa ya bahari. Fungua tochi mbele ya muuzaji. Shingoni mwa hesi kuna oringi, ule mpira mwembamba mweusi. Ukiwa umekauka, umepinda au haupo, irudishe. Tazama springi: ikiwa na kutu dukani, baharini haitamaliza msimu wa kusi. Hesi ziwe nene na laini, na tundu la chaji lifunikwe barabara. Baada ya zamu ya boti, ioshe kwa maji ya kunywa, ikaushe, paka oringi grisi ya silikoni kidogo. Kidonge cha grisi na oringi mbili za akiba ni vitu vya bei ndogo sana vinavyoongeza miaka kwenye maisha ya chombo.

Uzito pia una historia yake. Polisi wa Marekani walibeba kwa miongo tochi ndefu za alumini kama Maglite, iliyoingia sokoni 1979, na baadhi wakazigeuza rungu. Mwaka 2004 kamera zilimnasa afisa wa Los Angeles akimpiga nayo mshukiwa aliyekuwa ameshaangushwa chini. Idara yake ya polisi ikaachana na tochi nzito, na 2007 ikapata ndogo na nyepesi iliyotengenezwa na Pelican kwa mahitaji yake. Naona lilikuwa chaguo sahihi. Tochi ya polisi iwe ya kuangazia, itoshe kiganjani na isiwe sababu ya mtu kuvunjwa kichwa.

Je, gharama? Tuchukue mfano wa kukadiria. Tochi ya shilingi 600 inayokufa kila miezi mitatu itahitaji ishirini katika miaka mitano, yaani shilingi 12,000, bila kuhesabu usiku ilipozima. Ya shilingi 9,000 iliyotunzwa inaweza kuufikisha muda huo, ukiongeza betri moja njiani. Kikwazo ni kwamba mtu hupata mia sita leo kwa urahisi kuliko elfu tisa, na dhamana ya kiwanda haimsaidii ikiwa hakuna wakala wa kuipokea Amu. Hapa ndipo mfanyabiashara wa Lamu anaweza kuingia: aweke aina mbili tu zilizopimwa, betri halali, oringi na grisi, akubali malipo ya awamu kwa M-Pesa, na aahidi kupokea mbovu na kuituma Nairobi mwenyewe.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka mahitaji ya zabuni yaelezwe kwa utendaji, na haipendelei kutajwa kwa chapa. Basi maofisa wa ununuzi waache kuandika "tochi ya kuchaji" na kumpa kazi aliyetaja bei ya chini. Waandike: kandela zisizopungua 10,000 kwa kiwango cha FL 1, IPX7 au zaidi, mwanga wa chini usiozidi lumeni 100, swichi ya nyuma ya kubonyeza na kuachia, betri mbili zinazotoka, oringi za akiba, na alama ya shirika la viwango, KEBS, ya bidhaa za nje. Wafungue sampuli moja mezani kabla ya kutia saini. Sheria hiyohiyo inatenga angalau asilimia 30 ya thamani ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vijana wa Amu, Faza na Mpeketoni wanaojua ubovu wa tochi katika hewa hii waiombe kazi hiyo, na waombe wakiwa na vipimo mkononi.