Nahodha wa Watamu na Pepo Zake Mbili

Kwetu Uganda mtu akitaja uvuvi, wengi wetu hukumbuka sangara na ngege wa Ziwa Victoria. Wale miongoni mwa wasomaji wetu waliopangwa ziwani tangu mwaka 2017, jeshi lilipokabidhiwa kazi ya kuzuia uvuvi haramu, hukumbuka pia rula ya kupimia: sangara asipungue inchi 20, ngege asipungue inchi 11. Bahari ya chumvi ina mambo yake. Huko yuko mvuvi ambaye hulipwa ili watu wengine wavue, na ambaye samaki wake wa fahari, baada ya kutaabika naye saa nzima, humrudisha majini akiwa hai.

Nimemjua mvuvi wa namna hiyo kwa sababu ya ndoa. Mke wangu ni mzaliwa wa pwani ya Kenya, na dada yake ameolewa Watamu, kusini kidogo ya Malindi, na nahodha wa mashua ya kukodishwa. Watu wa pwani hutuita wanyumba, yaani wanaume waliooa nyumba moja. Nikipata likizo huwapeleka watoto kwa mama yao mkubwa, nami kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, bado ninayo tabia ya kuuliza na kuandika. Mengi ya haya niliyaandika nikiwa nimeketi barazani kwake.

Yafaa kwanza nieleze jambo ambalo wengi hulikosea. Nahodha si mwenye mashua. Mashua yenyewe, pamoja na injini zake mbili za dizeli, ni mali ya tajiri. Nahodha ni mwajiriwa, na chini yake wako mabaharia wawili. Hulipwa mshahara mdogo wa mwezi, ujira wa kila safari, na bakshishi ambayo wageni humpa wakiridhika. Ujira na bakshishi ndivyo vijengavyo nyumba, navyo hutegemea upepo.

Pwani ile ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, bahari ikawa tulivu na maji yakasafika. Kusi huanza Aprili pamoja na mvua za masika, hupata nguvu katika Juni na Julai, kisha hulegea polepole kuanzia Agosti. Kati ya pepo hizo huwapo majuma ya maleleji, ambapo upepo haujui uelekeako. Mashua hushushwa majini mwezi wa Agosti, na kazi ya kwanza ni jodari. Kuanzia Novemba hadi Januari ni zamu ya sulisuli, samaki mwenye mdomo kama mkuki na pezi la mgongoni ambalo hulifungua kama tanga. Januari hadi Machi huja nduaro, jamaa yake aliye mkubwa zaidi. Wenye elimu ya bahari hueleza kwamba wakati wa kaskazi mkondo wa maji wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, ukakutana na ule upandao kutoka Tanzania, na maji ya chini yenye rutuba yakapanda juu. Samaki wadogo hufuata chakula, na wakubwa huwafuata wadogo. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alikuja kuvua Malindi mwaka 1934, na tangu hapo wageni wengi hudhani kwamba ndiye aliyewagundua samaki hao. Wavuvi wenyeji walikuwa wakiwala karne nyingi kabla yake, ila hapakuwa na mtu wa kuwapiga picha.

Siku ya safari mwanyumba wangu huamka saa kumi usiku. Hawashi taa. Hutoka nje, husimama, akasikiliza. Mbele ya ufuko wa Watamu umejipanga mwamba mrefu, na mashua hutokea baharini kupitia mlango, yaani pengo katika mwamba huo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na tena saa kumi alasiri, na hupwa kabisa saa nne au saa tano za asubuhi; tofauti ya kina huweza kupita mita tatu. Kwa hiyo mashua itokayo saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi alasiri hukuta maji ya kutosha mlangoni. Mgeni apatwaye na kichefuchefu saa nne, akaomba kurudishwa pwani upesi, huambiwa kwa adabu avumilie.

Upo mpaka mwingine usioonekana kwa macho. Sehemu ya bahari ya Watamu ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1968, na humo hairuhusiwi kuvua hata kidogo. Mpaka utakapopitwa, fimbo za kuvulia hubaki zimesimama mahali pake, nao mabaharia huutumia wakati huo kushona chambo. Samaki aitwaye chuchunge hushonwa kwenye ndoana kwa sindano na uzi, mdomo ukafungwa ili asijae maji na kupasuka anapokokotwa. Nilipojaribu kushona mmoja, baharia aliyekuwa karibu alimtazama, akamtupa baharini bila kusema neno.

Nyuzi tano au sita hukokotwa nyuma ya mashua, nahodha akiwa juu anatafuta shakwe. Penye shakwe wanaopiga mbizi pana vibua, na penye vibua huenda pana zaidi. Sulisuli hamezi chambo mara moja. Hukipiga kwanza kwa mdomo wake kana kwamba anakiua, na hapo mgeni asiyejua huvuta kwa pupa akakikosa. Nahodha humwamuru aulegeze uzi, ahesabu, ndipo akaze. Mengine ni jasho la mgeni. Samaki afikishwapo ubavuni, baharia aliyevaa glavu humshika mdomo, hudungwa begani kibandiko chenye namba, ndoana ikatolewa, na mashua ikaenda pole huku maji yakipita katika matamvua yake hadi apate nguvu. Namba na mahali hupelekwa kwa shirika la African Billfish Foundation, lililo hapo hapo Watamu, ili samaki akinaswa tena kwingine ijulikane alikotoka.

Nakiri kwamba mara ya kwanza niliona jambo hili kuwa ubadhirifu. Nilimwuliza shemeji kama haimuumi kusikia kwamba kilo thelathini za kitoweo zimerudishwa majini.

"Shemeji," aliniambia huku akikuna nazi, "jodari, nguru na felusi hawarudishwi. Tajiri huuza, mgeni hupewa kipande chake, mabaharia hupata vichwa na mikia, na wadogo huchukuliwa na mama karanga wakakaange. Huyo mwenye tanga mwache aende. Nikimla leo, Januari wageni watakuja kutazama nini?"

Huyu shemeji ndiye hasa niliyetaka kina mama wa kambini wamsikie. Mke wa askari hungoja mwisho wa mwezi, na mshahara ukichelewa huwa amechelewa tu. Shemeji huingiza fedha ya maana miezi minane hivi, na fedha kubwa ndani ya minne tu. Ana daftari la hesabu, na bakshishi huandikwa ukurasa wa peke yake, wala haiguswi kwa chakula. Januari hulipa karo ya muhula wa kwanza, na Februari, ikiwezekana, ya muhula wa pili, kwa maana muhula huo hufunguliwa Aprili ikiisha au Mei ikianza, wakati mashua imekwisha kupandishwa pwani juu ya magogo. Nilifunua kurasa za nyuma. Za mwanzo wa mwaka 2008, ghasia za uchaguzi zilipowafukuza wageni katikati ya msimu, zina mistari mitupu. Za mwaka 2020 pia: Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje tarehe 25 Machi, na hazikuruhusiwa tena hadi tarehe 1 Agosti.

Katika miezi ya kusi nahodha hurudi kwa mtumbwi wake mwenyewe. Kofia nyeupe hutundikwa msumarini. Huingia katika Hori ya Mida, mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, ambako uvuvi wa asili unaruhusiwa, akavua kwa mshipi wa mkononi maji yanapoanza kujaa: changu, kolekole wadogo, mara mojamoja chewa. Mwanawe wa pili hukaa mbele na kasia. Hapana bendera, hapana picha. Wanaozidi hupasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa kuwa ng'onda. Nimekula ng'onda huyo katika mchuzi wa nazi mwezi wa Juni, mvua ikinyesha, nikasahau jodari wote.

Sasa nisimulie asubuhi moja ya mwaka jana. Ilikuwa juma la mwisho la Machi, nami nilikuwapo. Wageni wanne walikuwa wamelipia safari ya mwisho, kesho yake wasafiri kwao. Walitaka nduaro, na walikwisha kusema kwamba bakshishi yake haitakuwa ndogo. Karo ya muhula wa pili ilikuwa bado. Saa kumi usiku mwanyumba alitoka kama kawaida, akakaa nje muda mrefu hata nikamfuata.

"Mwanyumba, sikia mwamba unavyolia," alisema. "Upepo bado ni wa kaskazi, lakini wimbi ni la kusi. Huko kusini kumekwisha kuvuma. Kutoka tutatoka. Upepo ukigeuka mchana, tutakuta mlango umefunga."

Mimi sikusikia tofauti yoyote. Ila najua kwamba tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tetemeko la Sumatra yalipofika pwani yetu mchana, yeye wakati huo baharia kijana, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kuwatoa watu majini walipoona maji yanakupwa bila saa yake. Kenya alikufa mtu mmoja, na sifa kubwa ni ya polisi na wengine waliowaondoa watu ufukweni. Somalia, jirani yake, walikufa karibu 300.

Alimpigia tajiri simu akakataa safari. Nilikuwa mbali hatua kumi na bado niliyasikia maneno ya tajiri. Saa moja baadaye wageni walipandishwa mashua nyingine.

Siku ile alishinda barazani akisafisha vigurudumu vya kuzungushia nyuzi, vilivyokuwa safi. Saa nane upepo uligeuka. Saa tisa mawimbi yalikuwa yakivunjika upana wote wa mlango, na watu wakakusanyika ufukweni bila kuitwa. Saa kumi kasorobo mashua ile ilionekana. Ilisimama nje ya mwamba, ikangoja wimbi moja, la pili, la tatu, kisha ikaja kwa kasi juu ya mgongo wa la nne, ikapita. Juu yake ilipepea bendera ya nduaro. Wageni walikuwa wamelowa, wanacheka.

Mwanyumba aliingia majini hadi kiunoni akawasaidia kufunga kamba. Alimpa mwenzake mkono. Usiku shemeji alifungua daftari, akaandika tarehe, mbele yake akapiga mstari, kisha akahesabu ng'onda waliobaki darini. Hakumwuliza neno. Karo ililipwa nusu, na mwalimu mkuu akakubali kungoja.

Mashua ilipandishwa juu ya magogo juma lililofuata, na tajiri alisema kwamba habari za Agosti ataziangalia Agosti. Miezi minne nyumba ile iliishi kwa Hori ya Mida. Tarehe mbili Agosti simu ililia. Tajiri hakuitaja Machi, wala nahodha hakuitaja. Aliulizwa tu kama injini ya kushoto imekwisha kubadilishwa mafuta.