Dawa ya Chunusi Isiyo na Haraka

Ukitazama nyuso za vijana sokoni au mbele ya shule utaziona chunusi. Mmoja anazo chache kwenye paji la uso, mwingine amejaa mashavuni hata tayani, na zikipona zinaacha madoa meusi yanayokaa miezi mingi. Watu husema ni damu chafu, au ni alama ya tamaa. Sivyo. Chunusi ni ugonjwa wa matundu madogo ya ngozi ambamo nywele huota. Ndani ya kila tundu mna tezi itoayo mafuta. Kijana akibalehe, mafuta huzidi, ngozi ya ndani ya tundu hunenepa na kuziba mlango, na vijidudu vipendavyo mafuta huongezeka humo. Ndipo mahali pale panapovimba na kutunga usaha. Hauondoki kwa kusugua uso kwa nguvu, wala kwa ndimu, wala kwa dawa ya meno.

Uko ugonjwa mwingine unaofanana nao, jina lake rozasea. Huwapata hasa watu wazima, tangu miaka thelathini na kuendelea. Uso huwaka moto, hasa mtu akiketi jikoni karibu na moto, au akinywa pombe au kitu cha moto sana, au akitembea juani. Kisha vipele hutokea katikati ya uso, puani na mashavuni, lakini hakuna vile vichwa vyeusi vya mafuta vinavyoonekana kwa mwenye chunusi. Vitabu vya waganga husema kwamba uso huwa mwekundu. Hilo huonekana upesi kwa mtu mweupe. Kwa mtu mweusi wekundu hufichika, na kwa sababu hiyo wengi wetu huambiwa kwamba hawana ugonjwa huo. Imempasa mwuguzi kumwuliza mgonjwa kama anasikia moto na kuchomwa usoni, wala asitegemee macho yake tu.

Sasa mtu mwenye uso wa namna hiyo hufanya nini? Huenda sokoni. Huko atakuta makopo na tyubu za dawa za kupaka ambazo muuzaji huzisifu kwamba zitang'arisha uso kwa siku saba. Na mara nyingi maneno ya muuzaji ni kweli, kwa zile siku saba. Nyingi za dawa hizo zina steroidi kali, kama klobetasoli. Steroidi hunyamazisha uvimbe kwa haraka, ngozi hulainika na rangi hupauka, na mama au binti hufurahi. Akizidi kuitumia, ngozi yake inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa midogo ya damu inaonekana, na vipele vipya vinatokea vingi kuliko vya kwanza. Akiiacha, uso unawaka moto na kuvimba. Basi huirudia, kwa maana ni hiyo tu inayomtuliza. Hivyo dawa aliyoinunua ili kuponya chunusi imempa rozasea ya steroidi. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo, au haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu pasipo mganga yaweza kuacha weusi wa kibuluu usiofutika.

Kwa ajili hiyo nataka kukueleza habari za dawa moja isiyo na haraka. Jina lake ni asidi ya azelaiki. Usiogope neno asidi: haiunguzi kama maji ya betri ya gari. Imo kidogo katika nafaka kama ngano na shayiri, na viwandani hutengenezwa kutoka asidi ya oleiki, ile iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni. (Mtu asiseme basi atakula mikate mingi ili uso upone. Kilicho ndani ya mkate ni kidogo mno, na ni dawa ya kupaka, si ya kula.)

Habari yake ilianza na ugonjwa tunaoujua sana hapa kwetu kwenye joto, ule unaoleta madoa meupe-meupe kifuani, shingoni na mgongoni, ambao wengine huuita choa. Huletwa na kuvu aishiye juu ya ngozi. Katika mji wa Roma, nchi ya Italia, Marcella Nazzaro-Porro na Siro Passi walitaka kujua kwa nini kuvu huyo hupunguza rangi ya ngozi. Mwaka 1978 walitangaza kwamba wamepata asidi za namna hii katika kuvu waliyemkuza, nazo huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza rangi nyeusi ya mwili. Wakaanza kujaribu asidi ya azelaiki kwa watu wenye madoa meusi usoni. Ikaonekana kwamba wale waliokuwa na chunusi pia, chunusi zao zinapungua. Mwaka 1983 habari za kutibu chunusi kwa dawa hiyo zikachapwa. Huko Marekani serikali iliiruhusu kwa chunusi mwaka 1995, ikiwa na nguvu ya sehemu 20 katika mia, na mwaka 2002 ikaruhusu nyingine ya sehemu 15 katika mia kwa rozasea.

Waganga wameipeleleza inavyofanya kazi. Huzuia vijidudu ndani ya tundu la ngozi, huzuia ngozi isinenepe na kuziba mlango, na hutuliza uvimbe. Tena vijidudu havijaonekana kuizoea, kama vinavyozoea dawa za antibiotiki watu wanapozitumia ovyo.

Lakini yaweza kuwa unauliza, Tutajuaje kwamba ni dawa hii iliyoponya? Ni swali jema, kupita maswali mengi ninayoulizwa. Chunusi huja na kwenda zenyewe. Mtu akipaka majivu leo, na kesho kutwa uso ukapoa, atayasifu majivu. Kwa hiyo wachunguzi hugawa wagonjwa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa; kundi la pili hupewa mafuta yale yale ya kupaka, yenye rangi ile ile, lakini matupu, hayana dawa ndani yake. Mgonjwa hajui amepata lipi, na mganga anayehesabu vipele hajui.

Majaribio mawili ya namna hiyo kwa wagonjwa wa rozasea yalichapwa mwaka 2003. Wagonjwa walikuwa 664 kwa jumla, nao walipaka mara mbili kila siku kwa majuma 12. Katika jaribio la kwanza vipele vya waliopata dawa vilipungua kwa sehemu 58 katika mia. Sasa angalia neno hili: waliopata mafuta matupu, vipele vyao pia vilipungua, kwa sehemu 40 katika mia! Katika jaribio la pili ilikuwa sehemu 51 kwa dawa na 39 kwa mafuta matupu.

Tuyaweke mambo hayo katika uso wa mtu mmoja. Mtu alikuwa na vipele 20. Akipaka mafuta matupu kwa miezi mitatu, vitabaki kama 12. Akipaka dawa, vitabaki kama 8 hadi 10. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya dawa yenyewe. Ni tofauti ya kweli, lakini si muujiza. Wekundu pia ulipungua kwa wagonjwa 44 hadi 46 katika kila mia waliopata dawa, na kwa 28 au 29 katika kila mia waliopata mafuta matupu. Mishipa midogo iliyokwisha kutanuka haikubadilika, wala mtu asiitazamie ibadilike kwa dawa hii.

Kwa mafunzo haya utajua namna ya kumjibu muuzaji anayesema, "Wateja wangu wote wamepata nafuu." Hata wenye mafuta matupu walipata nafuu. Mwulize, Walipata nafuu kuliko akina nani?

Mwaka huo huo wa 2003 lilichapwa jaribio lingine, la watu 251 wenye rozasea, kwa majuma 15. Hapo asidi ya azelaiki ilishindana na metronidazoli ya kupaka. Vipele vilipungua kwa sehemu 73 katika mia kwa asidi, na 56 kwa metronidazoli. Lakini walioona uso unachoma walikuwa wengi zaidi upande wa asidi. Neno moja haifai nilifiche: katika majaribio haya ya rozasea sehemu kubwa sana ya wagonjwa walikuwa watu weupe. Hatuna sababu ya kudhani kwamba ngozi yetu itaikataa dawa, lakini hesabu hizo hazikufanywa juu ya nyuso zetu.

Kwa chunusi, mwaka 2020 shirika la Cochrane lilikusanya majaribio 49 ya dawa mbalimbali za kupaka, asidi ya azelaiki ikiwa mojawapo. Lilipima uzuri wa ushahidi pia, si wingi wake tu. Likaona kwamba wagonjwa walipoulizwa wenyewe, waliotumia asidi ya azelaiki labda hawakupata nafuu kama waliotumia benzoili peroksidi, na kwamba tofauti yake na tretinoini ilikuwa ndogo au haikuwapo. Basi, kama famasi ya mji wako haina asidi ya azelaiki, au bei yake ni ya kuuza mbuzi, usiuze mbuzi. Benzoili peroksidi ni dawa njema ya chunusi. Kumbuka tu kwamba hiyo huondoa rangi ya nguo, usiipake ukiwa umevaa kitambaa chako kizuri.

Mbona basi nahangaika na asidi ya azelaiki? Kwa sababu ya madoa. Kwa ngozi nyeusi chunusi moja hukaa majuma mawili, lakini doa lake hukaa nusu mwaka, na mabinti wengi hawaendi kununua dawa za kuchubua ili wawe weupe. Wanakwenda ili kuondoa madoa hayo. Dawa hii hutibu chunusi na doa pamoja. Mwaka 1998 lilichapwa jaribio la watu 52 wenye ngozi nyeusi au ya kahawia ambao walikuwa na weusi uliozidi usoni. Baada ya majuma 24, weusi ulipungua zaidi kwa waliopaka asidi ya azelaiki ya 20 katika mia kuliko kwa waliopaka mafuta matupu. Watu 52 ni wachache, nami nisingejenga nyumba kubwa juu ya msingi huo, ila ni ngozi kama zetu. Hukawia kwenye doa, na ngozi nzima mara nyingi haigusi sana. Imetokea mara chache ngozi nyeusi ikapauka kupita kiasi. Ukiona hivyo, acha na umwone mganga.

Namna ya kuitumia si ngumu. Nawa uso kwa maji na sabuni laini, ukaushe kwa kugusa-gusa na kitambaa safi, kisha paka dawa nyembamba uso mzima penye ugonjwa, wala si juu ya kipele kimoja-kimoja. Asubuhi na jioni. Siku za kwanza uso utawasha au kuchoma kidogo kwa dakika kadhaa, na hapo ndipo wengi wanapoitupa. Ukichomwa sana, paka jioni tu kwa majuma mawili, kisha rudi mara mbili. Wengi wenye chunusi huanza kuona mabadiliko kwa juma la nne. Ikipita miezi mitatu bila nafuu, rudi hospitalini. Usiongeze kiasi cha dawa. Mwenye pumu amwambie mganga kabla ya kuanza, kwa maana imesikiwa mara chache kwamba pumu ilizidi.

Mama mwenye mimba huweza kuitumia akiruhusiwa na mganga, kwa kuwa inayopenya kuingia mwilini ni kidogo tu. Hili ni neno kubwa, maana isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi kali sana, humharibu mtoto tumboni.

Tena, ikiwa uso una majipu makubwa ya ndani yaletayo maumivu na kuacha makovu, dawa ya kupaka peke yake haitatosha. Usikae nyumbani ukihesabu majuma.

Na wewe uliyekwisha kutumia dawa za steroidi kutoka sokoni, usione haya kuja nazo. Zilete kama zilivyo, kopo na karatasi yake, ili tusome kilichomo. Kama umezipaka usoni tu, mganga atakuonyesha namna ya kuziacha, nawe ujue mapema kwamba uso utawaka kwa majuma kadhaa kabla ya kupoa. Kama umezipaka mwili mzima kwa miezi mingi, usiziache kwa siku moja kabla ya kuonana na mganga, kwa kuwa mwili uliozoea steroidi huweza kulegea vibaya ukinyimwa ghafula. Na mwenye rozasea ambaye macho yake yanawasha, yamekuwa mekundu, au yanaona kama kuna mchanga ndani, asipake dawa hii karibu na macho wala asingoje miezi mitatu. Ugonjwa huo huweza kudhuru kioo cha jicho, na huhitaji dawa yake. Aje juma hilo hilo.